Manyoni si mahali pa kuchimba dawa

Wadau, leo nimekuja na hasira kidogo. Mtanivumilia. Nikishaandika zitapungua.

Majuzi nilikuwa kwenye basi, natoka Dar kwenda Singida. Tulipofika Manyoni konda akatangaza kama kawaida yao: "Dakika kumi, kuchimba dawa!" Jamaa niliyekaa naye siti moja, kijana mtanashati, msomi, kompyuta mapajani, akachungulia dirishani akaniuliza: "Kaka, hivi hapa ndiyo wapi?" Nikamwambia Manyoni. Akasema: "Aaah. Hapa hakuna kitu, au siyo?" Akashuka, akajisaidia, akanunua mayai mawili ya kuchemsha, akarudi kwenye siti, akalala.

Sikumjibu. Ningemjibu nini ndani ya dakika kumi? Ndiyo maana namjibu leo, na kwa kweli simjibu yeye peke yake. Kuna mhariri mmoja niliwahi kumpelekea wazo la makala kuhusu Kilimatinde, pale pale wilayani Manyoni. Akaniuliza: "Kuna ajali?" Nikasema hapana. "Kuna njaa?" Hapana. "Wameua mchawi?" Hapana mzee, ni historia ya mji. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mdogo wangu, hapa Dar nani atasoma habari za Kilimatinde?"

Basi leo nasema hivi: hayo maneno "hapa hakuna kitu" ni ya zamani sana katika nchi hii, na yametugharimu kuliko tunavyodhani. Kila aliyewahi kuchukua kitu cha watu wa Manyoni alianza kwa kuyasema.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ukitoka Dodoma unapita kwenye mbuga ya Bahi, tambarare kama sinia, kama mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari. Unapita Kintinku. Ukikaribia Saranda basi linaanza kunguruma, dereva anashusha gia, unapanda. Ule si mlima tu, wadau. Ule ni ukuta wa Bonde la Ufa. Lile lile Bonde la Ufa ambalo wazungu wanapanda ndege kwenda kulitazama Ngorongoro, wewe unalipanda kwa nauli ya basi ukiwa umelala. Ukimaliza kupanda uko Manyoni, zaidi ya mita 1,200.

Juu huko ni nchi nyingine kabisa. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo mtu anaangalia mbingu tu. Kuelekea Itigi kuna kichaka ambacho wataalamu wa mimea wanakiita kwa jina la mji huo, kichaka cha Itigi, kizito kiasi kwamba mtu mzima hapiti bila panga. Uoto wa aina hiyo uko hapa katikati ya Tanzania na kule mpakani mwa Zambia, basi. Upande wa kusini kuna Mto Kizigo. Maji yake yanakwenda Mtera, bwawa lenye mitambo ya umeme ya megawati 80. Kwa hiyo wewe uliye Sinza unayesema Manyoni hakuna kitu, ujue kwamba miaka mingi umepiga pasi shati lako kwa umeme wenye tone la maji ya Manyoni ndani yake.

Na ukubwa je? Kabla halmashauri ya Itigi haijamegwa, wilaya ya Manyoni ilikuwa na kilomita za mraba zaidi ya 28,000. Rwanda nzima ina kama 26,000. Nchi nzima, yenye rais, jeshi na timu ya taifa, ingeingia ndani ya Manyoni na chenji ikabaki.

Sasa historia. Misafara ya kwenda Tabora, enzi hizo ikiitwa Kaze au Unyanyembe, ilipita hapa. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Nyika waliyoivuka kati ya Ugogo na Unyanyembe iliitwa Mgunda Mkali, na katika vitabu vyao imeandikwa kama mahali pa kiu, pa miiba, pa hofu, mahali pa kupita haraka. Yaani dakika kumi, kuchimba dawa.

Lakini katika nyika hiyo hiyo walikuwepo Wakimbu, na Wagogo upande wa mashariki, na Wataturu na ng'ombe wao. Katika miaka ya 1870 akatokea Nyungu ya Mawe, jina ambalo maana yake ni chungu cha jiwe, yaani kisichovunjika. Alikusanya himaya ndogondogo za Ukimbu chini yake, akapanga watu wake wa kumsimamia kila sehemu, na ruga-ruga wake wakaikaba njia ya misafara hiyo hiyo. Ukitaka kupita unalipa. Alifariki mwaka 1884, mwaka ule ule aliofariki Mirambo. Mirambo tunamjua, ana mitaa na kambi ya jeshi. Nyungu je? Na baada yake alitawala binti yake, Mgalula, mpaka Wajerumani walipofika miaka ya 1890. Mwanamke anatawala dola katikati ya Tanganyika katika karne ya 19! Sisi kila Machi nane tunatafuta mifano ya wanawake shupavu kwenye mitandao ya Wamarekani.

Wajerumani walipofika waliweka kituo chao cha kijeshi Kilimatinde, pembeni kabisa mwa ule ukuta wa Bonde la Ufa. Walikuwa na akili: ukikaa pale unaona chote kinachokuja kutoka Ugogo. Kilimatinde ikawa makao ya wilaya, jina lake likawa kwenye ramani za Berlin. Mwaka 1895 serikali yao ikatoa amri kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola la Ujerumani. Isiyokuwa na mwenyewe kwa macho ya nani? Kwa macho ya mpita njia, bila shaka. Mnaona maneno yale yanavyofanya kazi? Burton aliyasema kama msafiri aliyechoka. Miaka chini ya 40 baadaye yakawa sheria.

Kisha ikaja reli. Ilianza Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Lakini treni haipandi ukuta popote inapotaka, inatafuta njia yake. Njia ikapatikana upande wa Saranda, ikapanda mpaka Manyoni, Kilimatinde ikaachwa pembeni. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yakaitwaa Dodoma, kisha Kilimatinde. Chini ya Waingereza ofisi ya wilaya ikahamia kwenye reli. Manyoni ikawa wilaya, Kilimatinde ikabaki kata. Leo watu wengi wakisikia Kilimatinde wanakumbuka hospitali ya Kanisa Anglikana tu.

Waingereza nao wakajenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda Singida na kuendelea mpaka Kinyangiri, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mizigo haikutosha. Miaka ya 1940 tawi hilo likang'olewa. Narudia: reli iling'olewa. Mtoto aliyezaliwa Singida akisikia honi ya treni alikua akiona tuta tupu. Ni baada ya uhuru ndipo reli ya Manyoni hadi Singida ilipojengwa upya. Hebu niambie, ingekuwa Moshi au Tanga wameng'olewa reli yao, tusingefundishwa darasani? Tungefundishwa, na ingekuwa swali la mtihani.

Badala yake darasani tulifundishwa nini? Nakumbuka vizuri. Bonde la Mto Tennessee na mamlaka yake. Ngano ya Prairies za Canada. Viwanda vya Ruhr. Niliweza kuchora ramani ya Maziwa Makuu ya Marekani, na sikujua ni kwa nini basi linanguruma Saranda. Simlaumu mwalimu, naye alifundishwa hivyo.

Haya, kama tunawapenda Wamarekani kiasi hicho, basi tuwaige kwenye jambo la maana. Twendeni Texas, magharibi kabisa, nchi kavu ya vichaka na ng'ombe. Kule kuna mji unaitwa Marfa. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1880 kama kituo cha kujazia maji treni za mvuke. Jirani yake kulikuwa na Fort Davis, ngome ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1854, ambayo ndiyo ilikuwa na makao ya kaunti. Reli ilipopita Marfa, mwaka 1885 makao yakahamishiwa Marfa. Mnaisikia hadithi? Ni Kilimatinde na Manyoni tupu! Ngome ya kijeshi iliyoachwa na reli, na kituo cha treni kilichogeuka mji.

Tofauti ni kilichofuata. Leo ngome ya Fort Davis ni eneo la kihistoria la taifa, linatunzwa, watu wanalipa kuingia. Marfa, katika sensa ya 2020, haikufikisha hata watu 2,000. Wadau, hiyo ni idadi ya kijiji chetu cha kawaida. Lakini ukitaka historia ya Marfa, mwaka gani, nani, kwa nini, unaipata ndani ya dakika mbili bila senti tano. Jimbo la Texas lina kamusi ya historia yake iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1952, inayoeleza hata vijiji vilivyokwishakufa. Barabarani kuna vibao vya historia zaidi ya 15,000. Unasimama kuchimba dawa, unasoma kibao, unapanda gari ukiwa umeongeza kitu kichwani.

Najua mtu ataniambia: wao wana hela. Subiri. Pale Marfa kulikuwa na shule ya Blackwell, shule ya watoto wenye asili ya Mexico waliotengwa na watoto wa kizungu mpaka mwaka 1965. Katika historia ya wakubwa shule hiyo haikuwa kitu. Hapakuwa na kitu, au siyo? Walioiokoa ni wanafunzi wake wa zamani, sasa wazee, walioungana, wakakusanya picha na kumbukumbu zao, wakapiga kelele. Mwaka 2022 sheria ikapitishwa kuifanya eneo la kihistoria la taifa. Hawakuanza na mabilioni. Walianza na picha za zamani na ubishi.

Na sisi si kwamba hatuwezi. Pale Singida mjini kuna uwanja wa mpira uliokuwa unaitwa Namfua. Siku hizi unaitwa Liti. Liti ni yule mama wa Kinyaturu ambaye simulizi za wazee zinasema aliwapinga Wajerumani, na nyuki wakawa jeshi lake. Kwa miaka mingi aliishi midomoni mwa bibi zetu tu. Leo shabiki wa mpira wa Mwanza au Mbeya anataja jina lake kila timu yake inapokuja kucheza. Jina moja kwenye ukuta limefanya kazi ambayo vitabu havikuifanya.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi, na hapa naomba msinisome kama mtu anayelilia mawe ya zamani.

Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Kutoka Dodoma hadi Manyoni ni kama kilomita 130, lami tupu. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na kipande cha kutoka Morogoro kimepangwa kuishia Makutupora, ndani ya wilaya ya Manyoni. Mkataba wa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Miaka ya 2000 kampuni ya Australia, Uranex, ilikuwa inatafuta urani Manyoni na Bahi. Masigati kumeanzishwa mashamba makubwa ya pamoja ya korosho, na kila mwenye hela Dar anataka ekari zake. Kwa maneno mengine, wapita njia wameanza kushuka kwenye basi.

Na wakishuka wanakutana na sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ile namba 4, inaposema ardhi ya jumla ni ipi, inahesabu humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huo huo, haikuweka maneno hayo. Wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo mpaka wamechoka. Mimi si mwanasheria, naomba kuuliza swali la mtoto: nani anaamua kwamba ardhi haitumiki? Mfugaji wa Kitaturu anaijua mbuga kwa misimu. Mwaka huu hayupo, mwaka kesho yupo. Mrina asali wa Itigi anakiona kichaka kama ghala. Msomi kutoka Dar akichungulia dirishani anaona nini? Anaona pori. Hapa hakuna kitu.

Mnaona safari ya maneno hayo? Kutoka kwenye daftari la Burton, kwenda kwenye amri ya Mjerumani ya 1895, mpaka kwenye tafsiri ya sheria yetu wenyewe tuliyoitunga tukiwa huru. Mahali ambapo historia yake haijaandikwa ni rahisi kupaita patupu. Na mahali palipoitwa patupu ni rahisi kupagawa.

Kuna watakaonipinga, na ni haki yao. Wa kwanza atasema: watu wa Manyoni wanataka maji na dawa hospitalini, wewe unawaletea historia. Ndugu yangu, nani kakwambia ni kimoja au kingine? Mbona mwenge unakimbizwa kila mwaka na hatusemi tusubiri visima viishe? Halafu, mtu anayejua kwamba reli ya kwao iliwahi kung'olewa kwa sababu mizigo haikutosha ataujua umuhimu wa kuuliza maswali mapema wakati reli nyingine inajengwa. Stesheni itakuwa wapi? Mizigo gani itapakiwa? Nani atafidiwa, kwa kiasi gani? Historia ni chombo cha kuulizia.

Wa pili atasema: hiyo ni kazi ya serikali. Hapo nakataa kabisa. Serikali ina sehemu yake, ndiyo. Lakini mimi na wewe tuliosoma kwa kodi za hao wakulima wa alizeti tuna sehemu yetu, na hatujaifanya. Sisi waandishi ndio wa kwanza. Singida kwetu ni njaa, ajali na imani za kishirikina. Hata dhahabu ya Sekenke kule Iramba, ambayo Wajerumani mwaka 1916 waliitumia kutengenezea sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, nani kati yetu ameiandika? Sarafu hizo leo zinauzwa kwa maelfu ya dola kwa wakusanyaji wa Ulaya. Wao wanajua dhahabu ilitoka wapi. Mtoto wa Shelui hajui.

Kwa hiyo nina mambo matatu, sina mengi.

Kwanza, halmashauri za Manyoni na Itigi ziandike kitabu kidogo. Kurasa 60 zinatosha. Kiswahili chepesi, ramani mbili, kiingie kila shule ya msingi. Gharama yake haifiki posho za semina chache.

Pili, kuwe na vibao. Kimoja juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kimoja Kilimatinde, kimoja stesheni ya Manyoni kinachoeleza reli ilifika vipi na ile ya Singida iling'olewa vipi. Mbao, rangi na mtu mwenye mwandiko mzuri.

Tatu, na hili ni lako wewe unayesoma hapa kwenye kompyuta ya ofisi. Ukienda nyumbani Krismasi au Idi, kaa na babu au bibi saa mbili. Muulize kabla ya vijiji vya miaka ya 1970 waliishi wapi. Muulize eneo lile linaitwaje, lilikuwa la nani, maji yalichotwa wapi. Rekodi kwa simu. Andika. Hao wazee wanaondoka, na kila anayeondoka anawaachia wapita njia nafasi zaidi ya kusema hapakuwa na kitu.

Na wewe kaka uliyekuwa siti ya dirishani, kama utasoma hapa: yale mayai uliyokula yalitoka kwa kuku wa mtu, aliyefugwa kwenye ardhi ya mtu, katika mji ulioupiku mji mwingine kwa sababu ya reli, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye nchi aliyowahi kuitawala mwanamke. Mara nyingine konda akitangaza dakika kumi, shuka uulize.

Naomba kutoa hoja.